Asiye na bahari hulipia nini? Hesabu ya mzigo wa jirani, ukiitazama kutoka Tanga

Chongoleani ni mahali pa wavuvi na wakulima wa minazi, kaskazini mwa mji wa Tanga. Agosti 2017 Rais John Magufuli na mwenzake wa Uganda, Yoweri Museveni, walikwenda huko kuweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi. Bomba linaanzia Kabaale, Hoima, magharibi mwa Uganda, na urefu wake ni kilomita 1,443. Kati ya hizo, 296 tu ndizo zilizo ndani ya Uganda. Zilizobaki, 1,147, ni ardhi ya Tanzania. Mwenye mafuta ana sehemu moja ya njia katika tano; nne ziko kwa jirani.

Barazani Ngamiani, hapa mjini Tanga, bomba huzungumzwa kama riziki iliyotuangukia: ajira, nyumba za kupanga, bei ya viwanja. Hayo yana ukweli wake, na yana kelele zake pia. Ila ni nadra kusikia mtu akiuliza upande wa pili wa jambo. Uganda iligundua mafuta yanayoweza kuuzwa mwaka 2006. Nchi yenye pwani ingevuta bomba fupi hadi gatini, ikauza. Uganda ilitumia miaka kumi kujadili mafuta yapite wapi, kwa nani, na kwa masharti gani, na uamuzi wa kuja Tanga badala ya kupita Kenya ukatolewa mwaka 2016. Miaka hiyo kumi nayo ni gharama, ingawa haiandikwi kwenye risiti yoyote.

Umoja wa Mataifa unahesabu nchi 32 zinazoendelea zisizo na bahari, na 16 kati ya hizo ziko Afrika. Sisi tumezungukwa nazo. Tanzania inapakana na nchi nane, na tano hazina pwani: Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Ya sita, Kongo, ina kipande kidogo cha pwani huko Atlantiki, lakini mtu wa Lubumbashi au Bukavu hafaidiki nacho. Kwake bahari iliyo karibu kimatumizi ni hii yetu. Kwa hiyo tunapozungumzia shida ya nchi zisizo na bahari, tunawazungumzia wateja wetu.

Umbali peke yake hausemi mengi

Watu wengi wakiulizwa kwa nini bidhaa ni ghali Kampala au Lusaka, hujibu haraka: mbali. Ni kweli, kutoka Mombasa hadi Kampala ni karibu kilomita 1,170, na kutoka Tanga kwa barabara ya Arusha, Singida na Mutukula ni zaidi ya 1,500. Dizeli hailipwi kwa maneno.

Lakini mchukue mfanyabiashara wa Bukoba na mwenzake wa Masaka, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Kati ya miji hiyo miwili hazifiki kilomita 200. Wote wawili wameagiza vigae kutoka ng'ambo, na mzigo wao umeteremshwa kwenye bandari ya Tanzania siku moja. Mtu wa Bukoba akishalipa ushuru na tozo za bandari, mzigo ni wake. Anatafuta lori, anapatana bei, na kuanzia hapo anapambana na barabara tu. Wa Masaka ana mzigo unaopita katika nchi isiyo yake. Unatakiwa uwe na karatasi za kupita, uwe na dhamana, ufungwe lakiri (muhuri wa forodha) na kifaa cha kufuatilia, usitoke kwenye njia iliyopangwa, ukaguliwe mpakani, uingie katika nchi yenye sheria na fedha nyingine. Vigae ni vile vile, na barabara karibu yote ni ile ile. Tofauti ya bei kati ya Bukoba na Masaka, ukishaondoa kodi na hizo kilomita chache, ndiyo bei halisi ya kukosa bahari.

Umoja wa Mataifa husema kwa wastani nchi hizi hulipa zaidi ya mara mbili ya gharama za usafirishaji zinazolipwa na jirani zao wenye pwani. Ukiipasua hiyo "mara mbili", sehemu kubwa utakuta ni muda.

Nitoe mfano, na namba ni za kuelewea tu. Mwenye lori anadaiwa shilingi milioni 6 kila mwezi hata lori lisipozungusha gurudumu: marejesho ya mkopo, bima, mshahara wa dereva na wa tandiboi. Lori likienda na kurudi mara tatu kwa mwezi, kila safari inabeba milioni 2 za deni hilo. Sasa likwame bandarini siku tatu likisubiri kupakia, mizani siku moja, mpakani siku mbili, halafu likute foleni tena wakati wa kurudi. Safari zinakuwa mbili, na kila moja inabeba milioni 3. Dizeli iliyochomwa ni ile ile na barabara haijarefuka hata mita moja, lakini nauli imepanda kwa milioni nzima. Na anayeilipa ni yule mama wa Masaka anayenunua vigae vya chooni, wala hajui kuna lori lililolala Mutukula.

Afadhali basi kuchelewa kungekuwa na kipimo. Ukijua mzigo wako utafika siku ya ishirini, kila mara, unapanga biashara yako juu ya hiyo ishirini. Taabu ni pale unapofika leo siku ya kumi, mara nyingine siku ya thelathini. Wastani bado ni ishirini, na kwenye ripoti nchi mbili zitaonekana sawa. Lakini mwenye kiwanda hawezi kuendesha mashine kwa wastani. Lazima ajaze ghala malighafi ya siku thelathini ili asizime mitambo, na fedha iliyolala ghalani ni fedha ya benki inayodai riba. Watafiti wa Benki ya Dunia walioichunguza biashara ya nchi hizi walilirudia jambo hilo: kutotabirika kunaumiza pengine kuliko umbali wenyewe. Mimi nakubaliana nao kabisa, na naona ndilo jambo ambalo wanasiasa wa pande zote hawalielewi. Wao hufungua barabara. Saa hawazihesabu.

Kuna na suala la kontena lenyewe. Kontena si mali ya mwagizaji, ni mali ya kampuni ya meli, na kampuni inataka lirudi. Mtu wa Tanga akichukua kontena, atalirudisha kesho kutwa. La Kigali au Lusaka linaondoka pwani kwa majuma, pengine zaidi. Basi kampuni huomba amana kabla ya kuliachia, hutoa siku kadhaa za bure, na zikipita huanza kutoza kwa siku. Ndiyo maana wengine huamua kuvunja kontena hapo hapo bandarini, wakapakia mzigo kwenye lori ukiwa umefunikwa turubai. Wanaokoa amana, lakini wanaalika mvua na wizi, na kazi ya kupakia wanailipia mara mbili.

Halafu lori linarudi na nini? Uganda inauza nje kahawa, Zambia shaba, Rwanda chai. Uzito wa vinavyotoka ni mdogo kuliko wa vinavyoingia: mafuta, saruji, mbolea, ngano, magari. Malori mengi hushuka pwani matupu au nusu tupu, na anayelipia safari ya kurudi ni yule yule aliyelipia ya kwenda. Hapa mkosi wa jiografia unakutana na mkosi wa kutokuwa na viwanda, na ni vigumu kusema upi ulianza.

Uswisi haina bahari na haina njaa. Ina mto Rhine unaoteremka hadi Rotterdam, ina jirani matajiri wanaonunua mali yake bila kuipitisha baharini, na mali yenyewe, saa na dawa, ina thamani kubwa kwa uzito mdogo. Botswana ina almasi, ambazo hupanda ndege. Waethiopia nao hupandisha maua kwenye ndege. Anayeumia ni mwenye kuuza kizito cha bei ndogo huku akizungukwa na jirani maskini kama yeye.

Kwa nini mwenye bandari anashuku

Ukizungumza na madereva pale Segera, ambapo barabara ya Tanga inakutana na ya kwenda Moshi na ya Chalinze, utasikia lawama nyingi juu ya mizani na askari. Nyingine ni za haki. Lakini upande wa pili nao una hoja, na makala nyingi za kimataifa juu ya nchi hizi huiruka.

Mzigo wa transiti haulipiwi ushuru wetu, kwa sababu hautumiki hapa. Sasa lori la sukari linalokwenda nchi jirani likishushwa usiku kwenye ghala la njiani, ile sukari inaingia sokoni bila kodi, na mwenye duka aliyelipa kodi hawezi kushindana nayo. Na mafuta ni mabaya zaidi, kwa kuwa kodi yake ni kubwa. Ndiyo sababu mamlaka ya mapato inadai dhamana: mtu, benki au kampuni ya bima isimame kusema mzigo huu usipovuka mpaka, nitalipa mimi. Ndiyo sababu ya lakiri na vifaa vya kielektroniki vinavyoonyesha lori liko wapi. Hata magari yale yaliyotumika kutoka Japani, yanayoendeshwa kwenda Zambia, Malawi au Kongo, ambayo barabarani tunayaita IT, yamewekewa masharti kwa hofu hiyo hiyo kwamba yatapotelea njiani. (Kwamba dereva wa IT atakupa lifti ya kulipia hadi Tunduma ni habari nyingine, na kila msafiri wa barabara ile anaijua.)

Na mizani? Wahandisi wa barabara wana kanuni iliyotokana na majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani kuanzia mwisho wa miaka ya 1950. Uharibifu wa lami hauongezeki sambamba na uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Unaongezeka takriban kwa kipeo cha nne. Ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu ni mara kumi na sita. Ukizidisha kwa asilimia 20 tu, kitu ambacho macho hayawezi kukiona, uharibifu unazidi kidogo maradufu. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori zima na mzigo wake. Lori lililozidisha likipita kutoka Horohoro au Segera hadi Mutukula, faida ni ya mwenye mzigo na lami iliyochakaa ni ya Mtanzania. Mtu anayesema mizani yote iondolewe ili "kurahisisha biashara" anaomba ruzuku bila kuitaja.

Hoja ya haki kwa dereva ni nyingine kabisa: apimwe mara moja. Akishapimwa akaonekana sawa na lakiri haijaguswa, kumpima tena na tena njia nzima kunalinda kitu kingine, si lami.

Sheria yenyewe inasemaje? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ulioanza kutumika 1994, una sehemu nzima ya kumi kwa ajili ya nchi zisizo na bahari. Kifungu cha 125 kinazipa haki ya kuifikia bahari na kutoka, na uhuru wa kupitisha mizigo katika nchi ya katikati kwa njia zote za usafiri. Kifungu cha 127 kinakataza mzigo unaopita kutozwa ushuru wa forodha au kodi, isipokuwa malipo ya huduma zilizotolewa. Ukisoma hapo tu, unaweza kudhani mambo yamekwisha. Lakini kifungu hicho hicho cha 125 kinasema masharti ya kupita yatakubaliwa kati ya nchi husika, na nchi inayopitiwa ina haki ya kulinda maslahi yake halali. Haki ipo kwenye karatasi, namna ya kuitumia inatokana na mazungumzo, na kwenye mazungumzo mwenye gati huwa na kiti kirefu zaidi.

Jirani akikohoa

Hapa ndipo biashara inapogeuka siasa. Desemba 2007 Kenya ilifanya uchaguzi, na ghasia zikafuata. Januari 2008 reli iling'olewa Kibera, malori yakashindwa kupita, na Uganda na Rwanda zikakosa mafuta. Waganda hawakupiga kura katika uchaguzi ule. Walisimama tu kwenye foleni za petroli.

Sudan Kusini ilijitawala Julai 2011 ikiwa na visima vya mafuta, lakini bomba la kuyafikisha baharini likiwa limebaki Sudan. Wakashindwana juu ya ada ya kupitisha. Khartoum ilitaja kiasi cha dola 36 kwa pipa, huku Juba ikilalamika mafuta yake yanachotwa njiani. Januari 2012 Sudan Kusini ikaamua kufunga visima vyenyewe, ikajinyima karibu mapato yake yote ya serikali kuliko kuendelea. Uzalishaji haukurudi hadi 2013.

Ethiopia ilipoteza pwani yake Eritrea ilipopata uhuru 1993. Vita vya 1998 hadi 2000 vikaifunga njia ya bandari za Eritrea, na tangu hapo zaidi ya asilimia 90 ya biashara yake ya nje imepita mlango mmoja, Djibouti. Watu zaidi ya milioni 100 wakitegemea gati za nchi yenye watu kama milioni moja.

Karibu na sisi zaidi ni kisa cha Zambia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru, na Zambia, ambayo shaba yake na mafuta yake vilipita huko kusini, ikajikuta imebanwa. Jibu lilikuwa bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililokamilika 1968, kisha reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa 1976. Vyote viwili kwa hesabu za mfanyabiashara vilikuwa vigumu kutetea. Zambia haikuvijenga ili kupata usafiri wa bei ndogo. Ilikuwa inanunua njia ya pili ya kutokea.

Ukilishika hilo, mengi yanaeleweka, hata ya juzijuzi. Mwishoni mwa 2023 Uganda iliamua kampuni yake ya taifa ya mafuta iagize yenyewe petroli na dizeli ya nchi nzima, badala ya kununua kupitia makampuni ya Kenya. Leseni ya kupitisha upande wa Kenya ikagoma kutoka. Uganda ikaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na wakati huo huo ikaanza kuzungumza na Tanzania. Mwaka 2024 mambo yakamalizwa na mafuta yakaendelea kupita Kenya. Je, Tanzania ilikosa? Kwa lita zilizopita, ndiyo. Lakini Uganda ilipata ilichokuwa ikikitaka, na sehemu ya nguvu yake ilikuwa kule kuweza kusema kwamba kuna bandari nyingine kusini. Njia isiyotumika nayo ina thamani, ilimradi iwe inaweza kutumika kweli.

Lori, reli, bomba

Njia hizi tatu zinafunga pande mbili kwa kiasi tofauti. Lori ni ghali kwa kila tani, lakini lina uhuru. Mpaka mmoja ukifungwa, kama ulivyofungwa wa Gatuna kati ya Uganda na Rwanda kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, dereva atageuza na kutafuta kwingine. Itamgharimu, lakini atafika.

Reli ni nafuu kwa mzigo mzito, ila haigeuki, na inadai pande mbili zikubaliane hata upana wa njia. Sisi wenyewe Tanzania tunazo tatu: mita moja kwenye reli ya Kati na hii ya Tanga, milimita 1,067 kwenye TAZARA, na 1,435 kwenye SGR, reli mpya ya kisasa. Behewa la moja haliwezi kuingia kwenye nyingine. Pale Kidatu, ambapo reli ya Kati inakaribiana na TAZARA, mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Nchi moja, mizigo inavuka "mpaka" bila kuonyesha pasipoti.

Bomba ndilo lenye bei ndogo kuliko yote kwa mafuta, na ndilo linalofunga kuliko yote. Mafuta ya Hoima yana nta; yakipoa huganda, kwa hiyo bomba la inchi 24 linapashwa moto njia nzima ili yabaki kwenye nyuzijoto 50 au zaidi. Huwezi kulihamisha, wala kulitumia kupitisha maji au mahindi. Siku litakapojaa, Uganda haitaweza kusema itapeleka mafuta yake Lamu, na Tanzania haitaweza kusema itatafuta mteja mwingine wa lile bomba. Wote wawili wameshikana mikono na hakuna anayeweza kuachia bila kuumia.

Ndiyo maana ya orodha ya wenye hisa, ambayo wengi huisoma kama habari ya fahari tu. TotalEnergies ina asilimia 62, CNOOC ya China 8, kampuni ya mafuta ya Uganda 15, na shirika letu la mafuta, TPDC, 15. Ile 15 yetu ina gawio, lakini kwa Uganda ni aina ya bima: Tanzania ikibana bomba, inajibana yenyewe. TAZAMA ilijengwa kwa fikra hiyo hiyo, theluthi mbili za Zambia na theluthi moja ya Tanzania, na TAZARA nusu kwa nusu. Sudan na Sudan Kusini walikosa mpango wa namna hiyo uliokubaliwa mapema, na 2012 ikaonyesha kilichofuata.

Bomba lina wapinzani pia, kuanzia waliolalamikia fidia za ardhi mpaka wanaharakati wa mazingira. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa Septemba 2022. Hoja zao zinastahili makala yake, ila hazibadilishi hesabu hii ya nani amemfunga nani.

Tanga yenyewe

Mombasa ilimchukua Mganda mapema. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, miaka mitatu kabla Waingereza hawajaanza ya kwao Mombasa. Wajerumani wakasuasua, fedha zikawaishia, wakafika Muheza 1896, na 1902 ndipo wanaingia Korogwe. Waingereza walikuwa wameshafika Ziwa Victoria Desemba 1901. Reli yetu ilifika Moshi 1911 na Arusha 1929, ikaishia hapo, ikahudumia mkonge na kahawa. Mzigo wa Tanga unaotaka kwenda ziwani kwa treni unalazimika kwanza kushuka kusini hadi Ruvu, kwa kipande kilichounganishwa 1963, ndipo uingie reli ya Kati. Mpango wa kuitoa Arusha hadi Musoma, ili mzigo uvuke ziwa kwenda Uganda, umezungumzwa na serikali baada ya serikali.

Bandari nayo ilikuwa na kilema chake. Meli kubwa hazikuweza kufika gatini. Zilitia nanga ghubani, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa mpaka ukutani, na winchi ikaanza kazi upya. Kila tani ilibebwa mara mbili, na siku ya upepo kazi ilisimama. Mradi wa shilingi bilioni 429.1 umebadilisha hilo: njia ya meli imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13, na gati mbili zenye urefu wa mita 450 kwa jumla zimejengwa. Tukiwa wakweli, hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizofanyiwa bandari hii tangu uhuru.

Hapa mjini sasa kuna imani kwamba kina kimeshapatikana, kwa hiyo Kampala itakuja yenyewe. Sina hakika na hiyo "yenyewe". Tanga inasifika kwa msemo wa waja leo waondoka leo, na sote tunajua mgeni haondoki. Kwa mgeni ni sifa, kwa kontena ni hasara. Kwa shehena ya kichele, ile isiyofungwa kwenye makontena, kama mafuta na klinka ya kutengenezea saruji, Tanga iko vizuri, maana meli ya kichele hukodiwa kwenda palipo na mzigo. Meli ya makontena ina ratiba, na ratiba hufuata wingi. Kampuni za meli zitaleta meli kila wiki zikiona makontena ya kutosha, na waagizaji watapitisha makontena wakiona meli kila wiki. Mombasa na Dar es Salaam zimeshavuka kizingiti hicho. Sisi bado tuko mlangoni.

Ningekuwa mwagizaji wa Kampala, nikapigiwa simu na wakala wa forodha wa hapa Tanga akinisifia kina cha mita 13, ningemuuliza mambo matatu. Meli inayofuata inaingia lini, na ya baada yake? Nikikodi lori la kuja Mutukula, litapata mzigo wa kurudi nao Tanga au nitalipia njia mbili? Na kontena nikilirudisha, nalirudisha hapo hapo Tanga au kampuni ya meli itanitaka nilipeleke Dar es Salaam? Akinijibu hayo kwa tarehe na shilingi, nitajaribu makontena mawili. Akianza tena habari ya kina, nitamshukuru na kuwapigia wa Mombasa.